Marobota Saba

"Muulize mama yako ni mangapi," Chenge alisema kabla hata hajavuta kiti. "Hesabu kamili. Sitaki makadirio."

Rebeka alikuwa bado ameshika mwiko. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, na mumewe hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, tangu jiwe la mkulima asiyejulikana lilipoingia mashineni pamoja na pamba na kutoa cheche. Wakulima wetu wana mchezo huo na sote tunaujua: gunia likionekana jepesi, hutiwa kokoto tatu nne ili lipate heshima kwenye mzani. Kwa kawaida kokoto huvunja meno ya mashine, watu wakatukana kidogo, kazi ikaendelea. Safari hii pamba ilishika moto, na moto ukakimbia ndani ya mabomba hadi kwenye mashine ya kushindilia, ambako pamba iliyokwisha kuchambuliwa hubanwa na kufungwa kwa waya ikawa marobota, kila moja na uzito wa watu wazima watatu.

Waliuzima kwa robo saa. Watu walicheka, wakapigana mabega, wakasimuliana nani alikimbia na nani alisimama. Mzee Maige, msimamizi wa kushindilia, hakucheka.

"Pamba iliyobanwa na cheche ndani yake haiwaki," alimwambia Chenge mbele ya wote. "Inakula kwa ndani, polepole. Siku tatu, siku tano. Nje ukiigusa ni baridi. Siku itakayopata hewa ndipo mtajua."

Sasa Chenge alitoa karatasi mfukoni akaikunjua kando ya sahani ya ugali. Mwaka jana kampuni ilimpeleka semina ya mameneja jijini Mwanza, siku tatu za hoteli na sambusa, akafundishwa namna ya kufanya uamuzi wa kimkakati pale mambo yanaposongamana: andika njia zote, pima kila moja, kisha jiulize ni taarifa gani unayokosa. Rebeka alimtania sana aliporudi na faili lenye nembo. Leo hakuwa na utani. Mumewe alikuwa amechora njia tatu.

"Ya kwanza, nazuia mzigo wote wiki nzima. Meli inaondoka Dar bila sisi, mnunuzi anavunja mkataba, na Bwana Alexander amesema msimu ukifa atafunga malango ya kiwanda chake. Watu mia na arobaini, Mama Winnie. Ya pili, napakia yote na kumwachia Mungu. Ya tatu, natoa nje marobota yaliyoshindiliwa wakati wa moto, nayatenga uwanjani, malori kesho yanapakia yaliyobaki."

"Ya tatu ndiyo yenye akili."

"Ndiyo. Lakini yote imekaa juu ya namba moja, na namba hiyo anayo mama."

"Bwana Alexander anasemaje?"

"Anasema ananilipa niamue, hanilipi nimuulize." Alisukuma sahani. "Nenda. Nitasubiri hapa."

Mtu wa mbali angeuliza kwa nini meneja asitembee mwenyewe hatua hamsini kutoka nyumba yake hadi ghalani akamuulize karani wake. Hapa Magu hakuna aliyeuliza. Wilhelmina, karani wa marobota kwa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyemzaa Rebeka, na mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe wake, hampi mkono, wala hakai naye kwenye chumba kimoja. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa wawili hao walikuwa hawajabadilishana hata neno moja. Kampuni ilipomleta Chenge kuwa meneja, misimu miwili iliyopita, watu walicheka hadi kushika mbavu. Wilhelmina alizunguka nyuma ya jengo ili asipite dirishani kwa meneja. Daftari lake lilipitia mikononi mwa mhudumu. Akimwona mkwe wake anakuja, alivuta khanga hadi puani na kugeukia ukuta, na vijana wa kupakia wakakohoa kwa makusudi.

Lisiloweza kuandikwa daftarini lilipita kwa Rebeka. Alilibeba kwenda na kulibeba kurudi, na njiani, bila mtu kumwomba, alilipunguza makali. Mumewe akisema, "Mwambie hizo hesabu zake zinanichelewesha," yeye alifikisha, "Baba Winnie anaomba hesabu mapema kidogo, kama si taabu." Nyumba ilikuwa na amani. Rebeka aliionea fahari amani hiyo, maana aliijua gharama yake.

*

Wilhelmina alikuwa kwenye kijichumba chake kando ya ghala, miwani puani, chaki nyeupe imemkolea vidoleni. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umetumwa."

"Anauliza ni marobota mangapi yalitoka tangu cheche hadi mashine iliposimama."

"Nimeandika saba."

"Basi saba."

"Nimekuambia ni saba? Nimesema nimeandika saba." Alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mchovu kuliko Rebeka alivyouzoea. "Funga mlango."

Rebeka aliufunga.

"Moto ulipofika kwetu, mumeo aliingia mbio. Akavua shati ili apige nalo moto. Akabaki kifua wazi, hatua mbili kutoka nilipokaa." Wilhelmina alitazama mlango uliofungwa kana kwamba mkwe wake bado yuko nyuma yake. "Ningefanya nini? Niliweka chaki chini nikatoka. Nilisimama nyuma ya jengo, uso ukutani, mpaka niliposikia maji yamekoma. Niliporudi nilikuta marobota saba mdomoni mwa mashine, nikayapa namba. Lakini vijana walikuwa wanaviringisha mengine kuyaokoa yasishike moto. Jioni nilipohesabu ghala zima, yalizidi daftari langu kwa mawili."

"Yako wapi?"

"Popote. Mle ndani mna mia sita na arobaini. Chaki inafutika yakiviringishwa, kila jioni narudia namba kumi na kitu. Siwezi kuyajua hata ukinichinja."

Rebeka alielewa. Yaliyotajwa hapo hayakuwa marobota mawili tu. Kama mawili hayajulikani yalipo, njia ya tatu ya mumewe imekufa, malori yatarudi matupu.

"Labda ulikosea kuhesabu, mayu. Siku ile kulikuwa na vurugu."

"Nimehesabu mara tatu." Mama yake alivaa miwani tena. "Mwambie ni tisa. Mwambie mawili sijui yalipo. Na mwambie kwa nini, hata kama ni aibu. Aibu ni yangu."

*

Hatua hamsini si nyingi. Rebeka alizitembea polepole kuliko siku zote, upepo wa ziwa ukimpeperushia vumbi la pamba usoni.

Alijua kitu ambacho mama yake hakukijua. Mwezi wa tano Bwana Alexander alimwambia Chenge amtoe yule bibi, aweke kijana mwenye kompyuta. Chenge alikataa, na kwa mara ya kwanza alimpandishia bosi wake sauti: "Siku atakayokosea robota moja, nitamtoa mwenyewe." Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe kwa majivuno, na Rebeka alimpenda sana siku ile. Sasa maneno hayo yalimrudia jinsi yalivyo. Robota moja. Hapa ni mawili, na sababu yake ni kwamba karani aliondoa macho kazini kwa sababu ya kifua cha mkwewe. Kijiji kizima kitacheka. Bwana Alexander atacheka kwa njia yake. Bibi wa miaka hamsini na tisa atatolewa langoni na mume wa binti yake, na baada ya hapo Rebeka atawabebea maneno gani?

Tena, alijiambia, huenda kweli mama amekosea. Macho yake si ya zamani. Juzi juzi tu alitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Moto ulizimwa kwa robo saa, na mashine ilikuwa imesimama muda mwingi wa robo saa hiyo. Saba yanatosha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Chenge alikuwa amesimama mlangoni.

"Enhe?"

"Saba."

"Ana uhakika?"

"Miaka ishirini na miwili anahesabu," Rebeka alisema. "Unamuuliza uhakika?"

Chenge alishusha pumzi ndefu. Kisha akaketi akala ule ugali uliopoa, wote, na mkewe akamtazama akila.

*

Jioni ile marobota saba yalitolewa yakapangwa uwanjani, mbali na kila kitu. Jumamosi asubuhi malori sita yaliingia. Vijana walipakia wakiimba, themanini kwa kila lori. Mzee Maige alipita kati ya marobota akiyagusa kwa kiganja, akiyanusa, akitikisa kichwa.

"Unatikisa kichwa kwa nini, mzee wangu?" Chenge aliuliza.

"Kiganja changu kinanitosha kuchagua mihogo, bosi. Hapa hakinisaidii. Wewe una hesabu?"

"Ninayo."

"Basi una kitu mimi sina."

Rebeka aliwapikia madereva chai na chapati, kama alivyofanya kila msimu. Wa mwisho kunywa alikuwa Josephat, kijana wa Mabatini mwenye maneno mengi, aliyemwita kila mwanamke shemeji.

"Shemeji, nasikia mlitaka kutuchoma."

"Moto ulizimwa Alhamisi, Josephat."

"Mimi nalala mle mle, usiku kucha, nyuma nimebeba godoro kubwa kuliko yote Tanzania. Nikiota joto nitakupigia." Akacheka, akachukua chapati mbili za njiani. Rebeka alimwongezea ya tatu, akakuta mkono wake hautaki kuiachia.

Wilhelmina alikuwa ghalani akihesabu kila robota linalotoka. Lori la mwisho lilipofungwa turubai, alimwita binti yake kwa kidole.

"Mumeo amepakia."

"Amepakia."

"Ulimfikishia?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwa mara ya mwisho. Malori yalikuwa bado uwanjani, injini zinaunguruma, Chenge amesimama na karatasi zake hatua ishirini tu kutoka hapo.

"Nilimfikishia," Rebeka alisema.

Mama yake alimtazama mkwe wake kwa mbali, juu ya khanga. Kwa miaka yote hiyo labda ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa. "Basi ana moyo mgumu," alisema. "Mimi nisingeweza. Lakini meneja ni yeye."

Malori yalitoka langoni saa nne, moja baada ya jingine, yakashika barabara kuu.

*

Jumapili walirudi kutoka kanisani wakakuta Maige amekaa uwanjani karibu na marobota saba, kofia magotini. Yote yalikuwa baridi. Chenge alifurahi waziwazi. Alimpigia Bwana Alexander, akaongea kwa sauti ili watu wasikie: hatari ilitengwa, mzigo umepona, uamuzi ulikuwa sahihi.

"Ni baridi yote," Maige alisema simu ilipokatwa. "Hilo linakufurahisha wewe na kunitisha mimi."

"Kwa nini likutishe? Maana yake cheche haikuingia."

"Au haikuingia kwenye haya."

Rebeka alikwenda jikoni akaanza kuchambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua asubuhi. Hakuweza kukaa. Kila upepo ulipogeuka alisimama dirishani akinusa, na kila mara akapata harufu ya ziwa tu, matope na magugu.

Saa tisa alasiri harufu ilibadilika. Ilikuwa nyepesi, tamu kidogo, ya nguo iliyoachwa chini ya pasi. Alikimbia nje bila viatu, akamkuta Maige ameshatangulia, anafungua lango la ghala na kuwaita watu. Katikati ya marobota yaliyobaki, kwenye safu ya pili, robota moja lilikuwa limegeuka rangi ya chai ubavuni, na uzi mwembamba wa moshi ulipanda moja kwa moja juu. Walilifunga kamba, wakaliburuta hadi nje na kulimwagia maji. Lilipokatika waya moja, ndani yake lilikuwa jekundu.

Chenge alisimama akiangalia maji yakichemka. Alikuwa ameloa, lakini uso wake ulikuwa na nafuu. "La nane," alisema. "Hesabu ilikosea moja. Tumshukuru Mungu lilibaki hapa kwetu."

Watu waliitikia. Ndipo kundi lilipoachana katikati, na Wilhelmina akapita.

Hakuzunguka nyuma ya jengo. Hakuvuta khanga. Ilikuwa mabegani mwake, na kichwa chake chenye mvi kilikuwa wazi kwenye jua. Alikwenda hadi mbele ya mkwe wake akasimama, na vijana wa kupakia waliinamisha nyuso wenyewe, kwa sababu hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Chenge," alisema. "Nimesikia umesema la nane. Kwani uliambiwa mangapi?"

Chenge alirudi nyuma hatua moja, macho chini. Kisha, kwa sauti ndogo ya kijana anayekwenda kuposa, alijibu.

"Saba, mama."

"Ni tisa. Ulivua shati, nikatoka, mawili yakanipita. Hili ni moja. Jingine sijui kama liko humu au liko barabarani."

Chenge aliinua macho. "Mama, mimi nililetewa saba. Nimeamua kwa saba."

Wilhelmina aligeuka akamtazama binti yake. Lilikuwa jicho la mara moja tu, lakini Rebeka alijua limeona kila kitu, hadi zile hatua hamsini.

"Nilisema mimi," Wilhelmina alisema. "Nilisema saba. Kosa ni la karani. Sasa piga simu, baba."

Chenge alianza kupiga palepale, na Maige akawaamuru watu watoe nje kila robota lililobaki. Dereva wa kwanza alipokea, akaambiwa asimame mahali peupe, ashuke, akae mbali. Wa pili vilevile. Wa tatu, wa nne, wa tano. Wa sita simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena.

"Bosi!" Sauti ya Josephat ilitoka kwa furaha, na kila mtu akaisikia, kwa kuwa Chenge alikuwa ameweka spika. "Nimeipita Gairo sasa hivi. Nilisimama nichimbe dawa, nikasikia simu inalia ndani ya gari."

"Josephat, nisikilize. Mzigo wako ukoje?"

"Uko salama. Ila turubai linafuka fuka hapa nyuma, nadhani ni bomba la moshi limelegea. Napanda juu hapa, ngoja nilifunue nione..."

"Usilifunue! Josephat! Ruka chini, usilifunue!"

Kulisikika mshindo mmoja mpana, kama mtu amekung'uta shuka kubwa. Kisha hakukuwa na kitu. Chenge alipiga tena, na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa upole kwamba simu hiyo haipatikani.

Rebeka alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kuitoa.

"Mama alinituma na tisa. Alisema nikwambie na sababu. Saba ni yangu. Niliitoa kichwani mwangu, hapo njiani, ili asifukuzwe."

Alingoja apigwe, au atukanwe, mbele ya watu wote hao. Angelipokea lolote kwa shukrani. Chenge alimtazama, kisha akageuka.

"Mama," alimwambia Wilhelmina, "dereva wa lori la tano yuko nyuma ya Josephat. Nimwambie amfuate nalo au aliache aende kwa bodaboda?"

"Aliache," Wilhelmina alisema. "Huwezi kujua lake likoje. Na mpigie Bwana Alexander sasa, asilisikie kwa mtu. Mwambie ukweli wote, hadi shati."

Waliketi kwenye benchi la mzani, mama mkwe upande huu na mkwe upande ule, daftari katikati yao. Chenge alipiga simu, akaongea, akamuuliza mama mkwe, naye akamjibu. Rebeka alisimama hatua chache kutoka hapo. Alikuwa na maneno mengi ya kuwafikishia, na hakuna aliyemtuma.

Saa kumi na moja na nusu simu iliita. Ilikuwa ya dereva wa lori la tano. Chenge alisikiliza, kichwa kikizidi kuinama.

"Ni mzima?" Wilhelmina aliuliza.

"Mzima. Lakini mikono, mama. Mikono yote miwili, na macho hawajajua. Mama yake mzazi yuko Mabatini, inabidi mtu aende akamwambie leo hii."

Rebeka alisogea mbele haraka. "Nitakwenda mimi," alisema. "Nitajua namna ya kumwambia."

Wote wawili walimtazama kwa pamoja.

"Hapana," Chenge alisema. "Wewe hapana."

Wilhelmina alishafunga khanga kiunoni. Walitoka langoni pamoja, yeye na mkwe wake, wakienda bega kwa bega kuelekea barabarani.